KICHWA, MASIKIO NA PRESHA: SOMO KUHUSU HOFU YA MWILI

Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 2 Wafalme 4:18–37; 1 Wafalme 19:1–8; Marko 5:25–34.



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hapa Makoko tunalo, ila hatulitaji kanisani. Ni hofu ya mwili wetu wenyewe. Kichwa kikiuma siku tatu, mtu anasema moyoni, "Ni presha." Sikio likivuma usiku, anasema, "Mshipa unataka kupasuka." Halafu usingizi unakwisha. Asubuhi anakwenda duka la dawa, jioni anauliza jirani, na kesho yake anatafuta mganga mwingine. Fedha zinakwisha lakini hofu haiishi.

Hatutaki kuwacheka watu wa namna hiyo. Mwandishi wa somo hili alikuwa mmoja wao, kama mtakavyoona.

1. BIBLIA HAIDHARAU MAUMIVU YA KICHWA

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme twasoma habari za kijana wa Shunemu. Alikwenda shambani kwa baba yake wakati wa mavuno, akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamwuma. Baba alimwagiza mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mtoto akakaa magotini pa mama mpaka adhuhuri, akafa.

Angalieni mama yule alivyofanya. Hakukaa akilia, wala hakuzunguka kijijini akiuliza kila mtu maoni yake. Alitandikisha punda, akaenda moja kwa moja mpaka mlima Karmeli kwa mtu aliyemwamini, wala hakukubali kurudi na Gehazi na fimbo peke yake. Alishika njia moja mpaka mwisho.

Basi tuna mambo mawili hapa. La kwanza, kichwa kinaweza kuwa dalili ya jambo kubwa, na anayelalamika asikilizwe. La pili, jambo kubwa linataka mwendo ulionyoka. Hofu hutuzungusha palepale; busara hutupeleka mahali.

2. MASHINE JUU YA MEZA

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mwenzangu wa siku nyingi alifariki kwa kiharusi. Baada ya mazishi nilianza kuumwa kichwa. Kilikuwa kimebana kama nimefungwa kitambaa kuzunguka paji la uso, na shingo ilikuwa ngumu. Kisha sikio la kushoto likaanza kulia kama nyenje. Muuzaji mmoja wa dawa, bila kunipima, aliniambia kwamba ni presha inayotafuta pa kutokea. Maneno yale yalinikaa kichwani kuliko ugonjwa wenyewe.

Nikanunua mashine ya kupimia. Nilipima nilipoamka, kabla ya chai, baada ya chai, adhuhuri, jioni, na usiku wa manane kwa mwanga wa tochi. Namba ikiwa kubwa, niliogopa na kupima tena. Nayo ilizidi kupanda. Ikiwa ndogo, nilisema mashine ni mbovu. Kwa ajili ya kichwa nilimeza vidonge vya maumivu karibu kila siku. Mke wangu aliniambia, "Mwalimu, hiyo mashine ndiyo inayokuumiza." Sikumsikia.

Karibu kila jioni jirani yangu mmoja, mvuvi tangu ujana wake, alikuja barazani kwangu kusikiliza taarifa ya habari na kucheza bao. Mashine ilikuwa mezani kati yetu. Aliitania: "Mwalimu, leo damu inasemaje?" Mimi nilimsomea namba zangu, naye alicheka. Yeye hakuumwa kichwa wala sikio. Alikuwa na nguvu za kuvuta kamba za mtumbwi.

Alfajiri moja alikuwa ufukweni akitengeneza nyavu. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yakakataa kutoka. Hospitali walikuta presha yake ni 220 kwa 130. Hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kupimwa hata siku moja. Siku ya tisa tulimzika.

Niliporudi kutoka makaburini, mashine ilikuwa palepale mezani. Miezi minne nilikuwa nimejipima mara nane au kumi kwa siku. Katika jioni zote zile sikuwahi kumwambia ndugu yule, "Lete mkono wako."

Ndugu zangu, sisemi kwamba kipimo kimoja kingemwokoa. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini nilijifunza kwamba hofu ya mwili humgeuza mtu ajitazame yeye peke yake, hata asimwone aliyekaa naye meza moja. Kwa sababu hiyo nimeandika somo hili.

3. PRESHA NI KITU GANI?

Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Mfikirie mtu anayemwagilia bustani kwa mpira wa maji. Maji yakisukumwa kwa nguvu kupita kiasi siku nyingi, mpira huchakaa, na pampu nayo huchoka. Mwilini pampu ni moyo. Na mishipa inayochakaa ni ya ubongo, figo, macho na ya moyo wenyewe.

Wakristo wa Anglikana watapenda kujua kwamba mtu wa kwanza anayekumbukwa kwa kuipima nguvu hiyo alikuwa kasisi wetu. Jina lake Stephen Hales, aliyekuwa na parokia ya Teddington, karibu na London. Aliingiza mrija katika mshipa wa farasi jike, akauunganisha na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima. Damu ilipanda zaidi ya futi 8, yaani kama mita mbili na nusu. Aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1733. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza kipimo cha kufunga mkononi kisichohitaji kutoboa mshipa, na mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, alionyesha jinsi ya kusikiliza mapigo kwa chombo cha masikioni huku mfuko ukipunguzwa upepo. Namba mbili tunazoambiwa leo zimetoka huko. Ile ya juu ni nguvu wakati moyo unapojikaza. Ile ya chini ni wakati unapolegea.

Kwa kawaida mtu mzima akipimwa zahanati kwa utulivu, siku tofauti, na namba zikawa 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha ya juu. Zingatieni maneno "siku tofauti". Kipimo kimoja cha mtu aliyetembea juani, au aliyejawa na hofu akiona koti jeupe, hakitoshi kumpa mtu ugonjwa wa maisha. Wako watu ambao presha yao hupanda mbele ya mganga tu, na nyumbani hushuka.

Sasa neno kubwa la somo hili: kwa watu wengi presha ya juu haina dalili yoyote. Haiumi. Kichwa cha kila siku mara nyingi si presha, na kutoumwa kichwa si ushahidi kwamba huna presha. Katika uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2012, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikutwa na presha ya juu. Uchunguzi wa miaka ya 1990 katika eneo la Ilala, Dar es Salaam, na kijiji kimoja cha Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba kati ya wenye presha ya juu, waliokuwa wanajua kwamba wanayo hawakufika hata mmoja kati ya watano. Walio wengi walikuwa kama jirani yangu.

4. KICHWA

Kichwa huuma kwa sababu nyingi. Kuna kile cha kubana, kinachotokana na uchovu, mawazo, na misuli ya shingo iliyokakamaa. Kuna kipandauso, kinachopiga upande mmoja, pengine na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Huku kwetu ziwani kuna malaria. Basi kichwa chenye homa kipimwe damu, tusibuni. Macho yanayohitaji miwani, njaa, na kunywa maji kidogo juani navyo huleta kichwa.

Kisha kuna kichwa kinacholetwa na dawa ya kichwa. Wengi hawalijui jambo hili. Mtu anayemeza vidonge vya maumivu nusu ya siku za mwezi au zaidi, kwa miezi mfululizo, anaweza kupata kichwa kwa sababu ya vidonge hivyo. Akiviacha, kichwa huzidi kwa siku kadhaa, halafu hupungua. Tena dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa mara kwa mara zinaweza kupandisha presha yenyewe. Ndivyo nilivyokuwa mimi: nilimeza dawa kwa kuogopa presha, na dawa ikaipandisha.

Nenda hospitali mara moja, usingoje kesho, ikiwa: kichwa kimeanza ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata, kina homa na shingo ngumu, mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki, macho hayaoni vizuri, kuna kuchanganyikiwa au degedege, au kimefuata pigo la kichwa. Mama mjamzito mwenye kichwa kikali, anayeona vimulimuli au aliyevimba uso na mikono, apelekwe siku hiyohiyo, maana huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba. Vilevile, kipimo cha 180 kwa 120 au zaidi pamoja na dalili yoyote kati ya hizi, au maumivu ya kifua, ni safari ya hospitali. Na mtu aliyepita miaka 50 akipata kichwa cha namna mpya, apimwe hata kama hakina ukali.

5. MASIKIO

Sikio kuvuma au kulia ni jambo la watu wengi, hasa wenye umri mkubwa na waliofanya kazi penye kelele za injini na mashine. Mara nyingi si presha. Pengine ni nta iliyojaa. Pengine ni usikivu unaopungua. Pengine ni dawa: kwinini inajulikana kwa kuleta mlio masikioni, na aspirini nyingi pia.

Tusitie kitu sikioni. Njiti ya kiberiti, ufunguo, unyoya wa kuku, hata kijiti chenye pamba, vyote husukuma nta ndani na vinaweza kutoboa ngoma ya sikio. Nta ya kawaida hutoka yenyewe. Iliyoganda itolewe na mganga mwenye chombo chake.

Hatari ya sikio ni hizi: usaha au damu; uvimbe wa maumivu nyuma ya sikio; kizunguzungu kikali; mlio wa sikio moja tu usiokwisha, au unaopiga sawasawa na moyo; na kutosikia kulikoanza ghafla kwa siku moja mbili. Hilo la mwisho lisingoje, kwa kuwa matibabu ya mapema ndiyo yenye nafasi ya kusaidia.

6. HOFU INAVYOFANYA KAZI

Mungu ametuumba na mlinzi ndani ya mwili. Ukikutana na kiboko njiani alfajiri, moyo hukimbia, misuli hukaza, na presha hupanda ili uweze kukimbia. Hilo ni jema. Lakini mlinzi yule hajui tofauti kati ya kiboko na wazo la kiboko. Ukilala ukiwaza kiharusi, atafanya kazi ileile. Moyo utakimbia, shingo itakaza, kichwa kitauma. Nawe utasema, "Naona sasa, ugonjwa umezidi." Hofu imezaa dalili, na dalili imezaa hofu.

Tena kile unachokisikiliza hukua. Usiku wa kimya sikio linalovuma kidogo huwa kama ngoma. Mchana ukiwa shambani au sokoni husikii kitu. Sikio ni lilelile.

Na kila unapouliza, "Je, hii si presha?" na kuambiwa, "Hapana," unapata nafuu ya saa moja, kisha swali linarudi na njaa zaidi. Siku hizi wengi huuliza simu zao, nazo hujibu kwa magonjwa ishirini.

Maumivu ya namna hii si ya uongo. Yanauma kweli. Mtu asiambiwe, "Unajifanya," wala, "Huna imani." Nabii Eliya alikuwa mtu wa imani, lakini kwa hofu ya Yezebeli alikimbia mpaka jangwani akaomba afe. Mungu hakumkemea kwanza. Alimpa usingizi, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Tujifunze hapo namna ya kumtunza mwenye hofu.

7. TUSIKIMBILIE KILA UVUMI

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, upande wa pili wa Serengeti kutoka kwetu, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kinaponya kisukari, presha, pumu, saratani na ukimwi. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walikata roho njiani. Wako walioacha vidonge vyao wakiamini wamepona.

Mzee yule alifariki mwaka 2021, nasi hatumhukumu. Walioharakisha vile walikuwa wamechoka na hofu, na mwenye hofu humwamini mtu yeyote anayesema neno moja la uhakika. Lakini presha, kama tulivyosema, haina dalili. Basi mtu hawezi kujua kwa kujisikia kwamba imekwisha. Kipimo ndicho kinachosema. Mtu asiache dawa bila kipimo na bila mganga wake.

Wala maombi na dawa si maadui. Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Mtume Paulo alimpa Timotheo shauri kuhusu tumbo lake, na alisafiri na Luka tabibu. Tuombe, na tumeze kidonge.

8. BASI TUFANYE NINI?

(a) Kila aliyefika utu uzima apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, hata kama ana nguvu za simba.

(b) Anayepima nyumbani apime kwa utaratibu. Asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Aende haja ndogo kwanza. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, bila kuongea. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba, aandike katika daftari, aipeleke zahanati. Kisha afunge mashine kabatini mpaka atakapoambiwa tena. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ndio wa kuzungumza na mganga.

(c) Achague mganga mmoja, amweleze yote. Yule mwanamke wa Marko sura ya 5 alikuwa amehangaika kwa waganga wengi miaka kumi na miwili. Mwisho alianguka mbele ya Bwana akitetemeka, akamwambia ukweli wote. Nasi tuseme ukweli wote: vidonge tulivyomeza, mizizi tuliyokunywa, pombe, na hofu yenyewe.

(d) Tupunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Kayabo iloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupika. Chumvi ya mezani iondoke. Tutembee kila siku, tuache tumbaku, tupunguze pombe.

(e) Hofu ikija usiku, usipime. Pumua polepole, sali, ukikosa usingizi inuka ufanye kazi ndogo. Asubuhi mweleze mtu mmoja unayemwamini. Hofu ikizuia kazi, chakula na usingizi kwa majuma mengi, hiyo nayo ni ugonjwa unaotibika. Mwambie mganga bila aibu.

Mimi nilifanya hivyo. Mganga aliona nta imeziba sikio, akaitoa, mlio ukapungua. Aliniachisha vile vidonge, na baada ya majuma kadhaa kichwa kikaachia. Daftari langu la siku saba lilionyesha wastani wa 146 kwa 92. Basi presha nilikuwa nayo kweli, ila si ile niliyoiota. Nameza kidonge kimoja kila asubuhi, nami nalala.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

Wazee kati yetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kusoma, kujadiliana, na kuazimia la kufanya kuhusu malaria, vyoo na maji. Tufanye vivyo hivyo katika vikundi vyetu. Msimalize bila azimio.

1. Mama wa Shunemu alifanya nini ambacho mtu mwenye hofu huwa hafanyi?
2. Kwa nini Mungu alimpa Eliya chakula na usingizi kabla ya kusema naye?
3. Ni nani katika kikundi chenu hajapimwa presha mwaka huu? Mtaendaje pamoja?
4. Tunawezaje kumsaidia ndugu mwenye hofu bila kumcheka, na bila kumjibu swali lilelile kila siku?
5. Ni nani anayekaa nawe meza moja ambaye hujamwuliza hali yake?

Kwa ruhusa ya kasisi, ile mashine sasa iko mikononi mwa mama mmoja wa parokia yetu, muuguzi mstaafu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi baada ya ibada atakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Mimi nitaandika namba. Hasa tunawaomba wanaume wa ziwani, ambao hawaumwi kitu: leteni mikono yenu.

SALA

Ee Mungu uliyetuumba, unayejua mifupa yetu na mawazo yetu ya usiku, utupe moyo wa kutunza mwili bila kuuabudu, na kuogopa hatari bila kutawaliwa nayo. Wabariki waganga na wauguzi wa mkoa wetu. Utufumbue macho tuwaone wenzetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.